Pampu ya majitaka inawaka usiku kucha na wageni hawapo, ninunue kubwa zaidi au? (Mtwara)

Mdau_Shangani

Wakuu habari za majukumu. Naomba msaada kwa wenye uzoefu na hizi pampu za majitaka maana naona naelekea kuliwa hela.

Nina gesti ndogo ya vyumba 8 huku Shangani, kiwanja kipo upande wa chini kuelekea baharini, ukichimba kidogo tu unakutana na maji. Bomba la majitaka la mtaani huku kwetu hakuna, kila mtu na shimo lake. Wakati wa kujenga ikaonekana sokawei (shimo la kunyonyeshea maji ardhini) haiwezi kukaa kule chini, shimo linajaa maji lenyewe kabla hujamwaga kitu, ndo ikabidi septiki ikae chini kama kawaida halafu baada yake kuna chemba nyingine ya mita 1 kwa mita 1 yenye pampu ya kuzamisha, inasukuma maji kwa bomba la inchi 2 mpaka sokawei ilipo huku juu upande wa barabara. Umbali kama mita 40, mwinuko kama mita 3 na nusu hivi.

Sasa hii pampu inawaka, inavuta kidogo inazima, ukikaa dakika chache inawaka tena. Usiku kucha. Hata siku hakuna mgeni hata mmoja bado unaisikia tu. Af haina mpangilio, kuna siku imetulia kabisa, kuna siku ni balaa. Luku inakimbia. Ya kwanza iliungua, hii ni ya pili na mwaka haijamaliza. Fundi niliyenaye anasema nguvu ndogo ninunue ya hosipawa 2. Hii iliyopo ni hosipawa 1, kwenye kibao imeandikwa mita 10 na lita 260 kwa dakika.

Minada ya korosho ikianza Oktoba vyumba vinajaa wanunuzi na madereva, sitaki kukwama hapo katikati. Ninunue hiyo kubwa? Na kama kuna anayeweza kunielezea hiki kitu kinafanyaje kazi aeleze tu kwa lugha ya kawaida, mimi nakitazama tu hakinielewi sikielewi.

Chikongola Finest

Mkuu uza gesti nunua bajaji, bajaji haina choo 😂😂

fundi_wa_mabomba

@Mdau_Shangani usinunue chochote kwanza. Tulia nikuelekeze.

Hiyo chemba yako ni kituo cha kupandisha maji, mfumo ule ule wanaotumia mijini kwenye majitaka makubwa ila wako ni mdogo. Maji kutoka vyooni yanashuka yenyewe mpaka septiki, mazito yanatulia chini, mafuta na povu vinaelea juu, yale maji ya katikati ndo yanatoka kuingia chemba ya pampu. Mpaka hapo hakuna umeme wowote, ni mteremko tu. Kwenye chemba maji yanapanda, floti (boya lenye swichi) inapanda nayo, ikifika inapogeuka inawasha pampu, pampu inasukuma, maji yakishuka floti inalala inazima. Juu ya pampu lazima kuwe na chekivalvu ili maji yaliyoko kwenye bomba yasirudi pampu ikizima, na baada yake geti valvu ili siku ya kutoa pampu ufunge usiogeshwe. Basi, hamna uchawi.

Sasa tupige hesabu ya kwako. Vyumba 8 vikijaa watu wawili wawili ni watu 16, mmoja mpe lita 80 hadi 100 kwa siku, unapata kama lita 1,500 hivi. Pampu yako hiyo kibao kinasema mita 10 na lita 260, lakini elewa hivyo viwili haviendi pamoja, hapa ndo watu wengi wanapigwa dukani. Mita 10 ni pale ambapo haitoi hata tone, maji yamesimama tu ndani ya bomba, na lita 260 ni pale isipopandisha popote. Wewe una mwinuko mita 3.5, ongeza msuguano wa mita 40 za bomba na elbo zake unafika kama mita 5, hapo inakupa karibu nusu, tuseme lita 120 kwa dakika. Gawanya 1,500 kwa 120. Yaani gesti ikijaa pampu inatakiwa ifanye kazi kama dakika 13 kwa siku NZIMA. Sasa niambie nguvu ndogo iko wapi hapo. Na kwa bomba la inchi 2 ukipata kuanzia lita 75 kwa dakika kwenda juu mwendo wa maji unatosha kuzuia uchafu usilale ndani ya bomba, kwa hiyo hata hapo uko vizuri.

Ukiweka hosipawa 2 itakausha haraka zaidi na kuzima haraka zaidi, halafu itawaka tena vile vile. Na mota ikianza inavuta umeme mara 5 hata 6 ya ule inaovuta ikishachanganya, sasa ikianza kila dakika chache usiku kucha joto halipati muda wa kutoka, ndo inaungua. Kinachoua pampu zako ni kule kuwaka mara nyingi. Swali la kujiuliza ni maji yanatoka wapi wakati wageni hawapo.

Yanaweza kutoka sehemu tatu. Choo kinachovuja kimya kimya kwenye tanki lake la kuflashi, hiki watu wanakidharau ila kinaweza kumwaga mamia ya lita kwa siku. Chekivalvu imechoka, maji yanarudi. Au maji ya ardhini yanaingia kwenye chemba kupitia nyufa au pale bomba linapoingilia ukutani. Kwa Shangani mimi macho yangu yako hapo pa tatu. Uliposema kuna siku imetulia kuna siku balaa, angalia mwezi mkuu! Fuatilia kama zile siku za balaa ni siku za bamvua, yaani bahari inapojaa sana.

Fanya hivi siku hakuna wageni. Funga maji ya simtanki ili choo kisidanganye. Acha pampu ivute mpaka izime, halafu zima swichi yake, chora alama ya chaki ukutani mwa chemba pale maji yalipo, ukiwa JUU, usishuke. Angalia dakika 5 za mwanzo. Maji yakipanda haraka halafu yakasimama, hiyo ni chekivalvu: bomba la inchi 2 la mita 40 linabeba kama lita 80, kwenye chemba yako ya mita kwa mita ni sentimita 8 juu. Yakipanda polepole na hayaachi, yanatoka ardhini. Rudia tena geti valvu ikiwa imefungwa uone tofauti. Fanya bahari ikijaa ufanye na ikipwa.

Halafu pima floti yako imefungwa na kamba ya urefu gani kutoka pale ilipobanwa. Nitumie picha.

Mama Gesti Lindi

Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Mimi niko Lindi mjini nina nyumba ya wageni pia na pampu kama hiyo, siyo fundi ila mambo yamenifundisha adabu.

Mdau huyo fundi hapo juu msikilize. Mi nitakwambia la kwangu, vitu vinavyotupwa chooni. Wageni wanatupa pedi, wanatupa pampasi za watoto, zile tishu za maji za kufutia watoto ndo mbaya kuliko zote, karatasi ya chooni inalegea ikikaa majini ila zile haziozi wala hazikatiki, zinajisokota kwenye impela (ile feni ya pampu inayosukuma maji) mpaka mota inaguguma haizunguki. Suluhisho siyo kuwagombeza, weka ndoo yenye mfuniko KILA choo na kibao kidogo cha adabu, na dada wa usafi aitoe kila siku maana ikijaa wanarudi kule kule. Pili jiko. Kama unapikia wageni usiache mafuta ya kukaangia samaki yaende kwenye sinki, jenga kachemba kadogo ka kunasa mafuta kabla ya septiki na ukasafishe kila wiki, mafuta yakipoa yanaganda kwenye floti inakuwa nzito haiinuki, pampu haiwaki, asubuhi choo cha chumba cha chini kabisa kinatapika.

La tatu, uwe na pampu ya akiba ndani ya nyumba. Mei 2024 kile kimbunga Hidaya kilipopita barabara ya Dar ilikatika kule Somanga, magari yakalala, ukitaka kipuri cha kutoka Kariakoo unasubiri tu. Na choo hakisubiri.

Bwana Dawa

Wakuu mnazunguka sana. Weka hamira na sukari kwenye shimo, au zile dawa za unga za bakteria zinauzwa, uchafu wote unayeyuka hakuna haja ya gari la majitaka wala nini. Mi shimo langu halijanyonywa tangu nijenge.

fundi_wa_mabomba

@Bwana Dawa hiyo kaka tuiache. Bakteria wapo tele kwenye kinyesi chenyewe, kila anayeingia chooni anaongeza wengine bure. Dawa haiondoi mchanga, haiondoi plastiki, haiondoi ule mtope uliokwisha kuoza ukalala chini. Shimo lako halijajaa kwa sababu huenda liko kwenye mchanga linapitisha tu, kwa maana nyingine visima vya majirani ndo wanajua dawa yako.

Kwa septiki yenye chemba ya pampu mbele yake ni hatari zaidi kuacha, mtope ukipanda unavuka kwenda kwenye pampu na kutoka hapo unaziba sokawei, na sokawei ikiziba hakuna pampu itakayokusaidia. Zamisha mti mrefu uliofungwa kitambaa cheupe upime, mtope wa chini na gamba la juu vikifika theluthi ya kina cha tanki ita gari. Nyumba ya kawaida inachukua kama miaka 3 hadi 5, gesti inayojaa ni mapema zaidi.

Af tahadhari kwa watu wa pwani: usinyonye tanki likakauka kabisa wakati wa masika au bamvua. Maji ya ardhini yanalisukuma tanki tupu kwenda juu, yale ya plastiki yanaibuka kabisa na kukata mabomba. Nyonya kiangazi, maji mafu (siku bahari haijai sana).

Volti Ligula

Naongezea upande wa umeme mimi ni fundi umeme. Wengi wanaunga floti na pampu kwa kusokota waya na kuzungushia selotepu ya umeme halafu kiungio wanakiacha humo humo ndani ya chemba. Ile hewa ya humo inakula shaba, waya unageuka mweusi unapukutika, pampu inapata umeme nusu nusu. Waya utoke mzima mpaka nje, kiungio kiwe kwenye boksi lisiloingiza maji, na tundu la bomba la waya lizibwe hewa isipande mpaka kwenye boksi.

Weka breka inayolingana na mota, siyo ile ya amp 32 iliyobaki kwenye mradi mwingine. Weka na ile swichi inayokata yenyewe umeme ukivuja, hapa tunazungumzia umeme na maji ya chumvi jamani, na erthi iwe ya kweli. Umeme ukishuka sana usiku mota inavuta amp nyingi zaidi ili ifanye kazi ile ile, kwa hiyo kifaa cha kulinda volti nacho muhimu. Mara moja moja pima amp kwa klampu (mita ya kubana kwenye waya) ulinganishe na kibao cha pampu. Zikizidi jua kuna kitu kimekwama kwenye impela au beringi zimekufa. Zikiwa chini sana huku maji hayaendi basi inazungusha hewa tu au impela imelika.

Mdau_Shangani

Aisee nawashukuru sana, mama wa Lindi shikamoo. Nimefanya vipimo kama ulivyosema fundi, nimesubiri na bamvua kabisa.

Majibu: nikizima pampu maji yanapanda haraka kama sentimita 7 ndani ya dakika moja mbili halafu yanapunguza mwendo. Nikifunga geti valvu ule upandaji wa haraka haupo. LAKINI bado yanapanda polepole maji ya bahari yakijaa, tena ukimulika tochi unaona kabisa ukuta unalia pale bomba la kutoka septiki linapoingilia. Maji kupwa ukuta umekauka. Vyoo viwili pia vilikuwa vinavuja kwenye tanki, nimebadilisha raba. Floti imefungwa na kamba fupi, toka ilipobanwa mpaka kwenye boya lenyewe kama kiganja, pampu inawaka na kuzima ndani ya sentimita 10 tu.

fundi_wa_mabomba

Umeona sasa. Mambo matatu madogo yamekutana. Sentimita 10 kwenye chemba yako ni lita 100, pampu inazitoa kwa chini ya dakika moja inazima. Lita 70 zinarudi kupitia chekivalvu, zilizobaki 30 bahari inakuletea, inawaka tena. Inasukuma maji yale yale kupanda na kushuka, wewe unalipa luku. Na ile hosipawa 2 ingefanya mchezo huo huo.

Chekivalvu itoe uifungue kabla hujanunua, mara nyingi ni kipande cha tishu au mchanga umekaa kwenye ulimi wake. Ukinunua mpya chukua ya majitaka yenye mpira au ulimi mpana, siyo ile ya shaba ya maji safi yenye springi, ile inanasa nywele. Ifunge kwa unioni pande zote mbili ili siku nyingine usikate bomba.

Floti irefushie kamba pampu iwake na kuzima kwa tofauti ya sentimita 30 hivi, hapo ni lita 300 kila mkupuo, gesti ikijaa ni mara 5 au 6 kwa siku basi. Sehemu ya kuzimia iwe juu ya mwili wa pampu, maji yanayoizunguka ndo yanaipooza, ikibaki mtupu huku inafanya kazi inajipika. Na boya lizunguke bila kugusa ukuta wala bomba.

Ukuta: subiri maji mafu, ukuta ukiwa umekauka chimba pale bomba linapoingia, toa plasta iliyooza, piga saruji ya kuzuia maji ile inayoshika haraka, kisha plasta ya ndani yote. Kwa nje ukiweza piga lami.

Sasa hapa nisikilizeni wote. MTU ASIINGIE KWENYE CHEMBA HIVI HIVI. Hewa ya humo inanuka yai viza mwanzoni, ikizidi inaua pua, husikii tena harufu unadhani imeisha, unaanguka, na anayeingia kukuokoa anaanguka juu yako. Kabla ya kazi hiyo ya plasta ziba bomba linaloingia, toa maji yote, osha, acha wazi muda mrefu, weka feni inayopuliza hewa safi mpaka chini na isizimwe kazi ikiendelea, anayeshuka afungwe kamba kiunoni na kuwe na watu wawili juu wa kumvuta. Na asivute mtu sigara hapo. Fundi akikwambia amezoea, tafuta mwingine. Pampu yenyewe haihitaji mtu kushuka, ifunge kamba ya nailoni uivute kutokea juu, usiivute kwa waya wake wa umeme wala usitumie mnyororo wa chuma cha kawaida, chumvi ya huku inaumaliza.

Ukiirudisha ikanguruma bila kusukuma, ni hewa imekwama. Toboa tundu dogo la milimita 5 kwenye bomba kati ya pampu na chekivalvu, likiangalia chini ndani ya chemba. Litarusha maji kidogo pampu ikiwaka, ni kawaida, usije ukaliziba.

Mama Gesti Lindi

Hilo la hewa nalitilia mkazo, msione aibu kumkatalia fundi.

Na Mdau, ukishamaliza fungua daftari. Mimi kijana wangu kila baada ya miezi mitatu anavuta floti juu anaipiga maji ya bomba, anaangalia kama pampu inawaka na kuzima, anahesabu inatumia sekunde ngapi kushusha maji kwa kipimo kile kile, anaandika. Zikianza kuongezeka tunajua kuna kitu kabla haijafa. Mwezi wa 9 kabla ya korosho tunaitoa nzima tunaiosha na tunaangalia mafuta ya ndani kwenye sili, yakiwa meupe kama maziwa maji yameingia, inaenda kwa fundi siku hiyo hiyo.

Mdau_Shangani

Sawa mama, daftari nanunua leo. Swali la mwisho, umeme ukikatika usiku au floti ikigoma nitajuaje kabla wageni hawajaniita?

Volti Ligula

Floti ya pili, iweke kama sentimita 15 juu ya ile ya kuwashia, iunge na king'ora kidogo cha volti 12 kwenye betri ya pikipiki yenye chaja yake, usikiunge kwenye breka moja na pampu maana breka ikikata vyote vinanyamaza. King'ora kikae mapokezi siyo kule uani. Kikilia funga simtanki kwanza, ndo uende ukaangalie luku kama ina yuniti 😀 halafu breka, halafu floti. Nafasi iliyobaki juu ya king'ora mpaka bomba la kuingilia ndo muda wako: kama ni sentimita 50 una lita 500, gesti ikiwa imejaa hiyo ni theluthi ya siku, usiku watu wamelala ni zaidi. Kajenereta ka kilowati 3 kanaiwasha hiyo hosipawa 1 bila shida, ka kilowati 1 kataguna tu.

Chikongola Finest

Kumbe choo nacho kinafuata bamvua, nimekaa Mtwara miaka yote sijui. Mdau ukimaliza leta mrejesho na bei ya vyumba.